Mgongo na Nauli: Historia ya Kunyoosha Mkao katika Temeke na Kinondoni

Kiswahili cha pwani kina maneno mengi ya mgongo uliopinda kuliko ya mgongo ulionyooka. Kibiongo ni mtu mwenye nundu, kigongo ni nundu yenyewe, na mzee anayetembea akitazama vidole vyake vya miguu husemwa umri umemwinamisha. Mgongo ulionyooka haukuhitaji jina. Mkao, kwa maana ya namna mtu anavyoubeba mwili wake akiwa ameketi, amesimama au anatembea, ulikuwa jambo la adabu na la kazi muda mrefu kabla haujawa jambo la hospitali. Katika Dar es Salaam historia ya mkao ni historia ya viunga vyake hasa, Temeke na Kinondoni, kwa kuwa huko ndiko migongo iliyoujenga mji ilikorudi kulala usiku.

Kabla ya reli, mali ya bara ilishuka pwani juu ya miili ya watu. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19 alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na mkeka wake, sufuria na posho ya njiani. Jora za nguo zilizokwenda bara zilifungwa pamoja zikawa mtumba, mzigo mrefu wa kuwekwa begani, na neno hilo ndilo lililobaki katika nguo za mitumba za leo. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 upagazi wa masafa marefu ulianza kufa, lakini Vita Kuu ya Kwanza iliyoanza mwaka huohuo ikaurudisha kwa nguvu. Waingereza walikusanya maelfu kwa maelfu ya wachukuzi wa kubebea jeshi lao chakula na risasi, na jina la kikosi hicho, Carrier Corps, likageuzwa na ndimi za mjini kuwa jina la mtaa, Kariakoo.

Bandarini mzigo uliendelea kubebwa na mtu. Hadi gati za kina kirefu zilipofunguliwa mwaka 1956, meli kubwa zilitia nanga katikati ya maji, shehena ikashushwa kwenye matishari na kupandishwa ufukweni kwa migongo ya makuli. Wafanyakazi hao waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1947 na mwaka 1950. Madai makubwa yalikuwa mshahara na masharti ya kazi. Maumivu ya kiuno hayakuwa hoja ya mgomo, kwa sababu yalihesabiwa kuwa sehemu ya kazi kama jasho. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 1949 ilishughulika zaidi na ajali inayoonekana: mguu uliopondwa, kidole kilichokatika. Mgongo unaoinama kidogo kidogo kwa miaka kumi hauna tarehe ya kuumia, na asiye na tarehe ni vigumu kudai.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilipanua makazi ya Waafrika nje ya Kariakoo na Ilala, ikapima viwanja na kujenga nyumba za kota huko Temeke, Magomeni na Kinondoni. Mji wenye watu 128,742 mwaka 1957 ulikuwa na 272,821 mwaka 1967. Kuli wa Kurasini, msukuma mkokoteni wa Kariakoo na fundi cherehani wa barazani wakawa majirani. Na kila mtaa ulikuwa na mtu aliyejua mgongo.

Mtu huyo hakuwa wa aina moja, na lugha yenyewe inatenganisha kazi hizi vizuri kuliko vitabu vingi vya afya. Kukanda ni kubandika kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto mahali panapouma, kubonyeza na kurudia. Kuchua ni kupitisha viganja vyenye mafuta, ya nazi au ya ufuta, kufuata mkondo wa misuli kutoka shingoni hadi kiunoni, na mchuaji hodari huanza mbali na penye maumivu, akakaribia polepole. Kuumika, au kupiga chuku, ni kazi ya pembe: ngozi huchanjwa, pembe ikawekwa juu yake, hewa ikanyonywa na tundu likazibwa kwa nta, ili damu iliyosemwa kuwa chafu itoke. Mtu aliyevunjika alipelekwa kwa muungaji, aliyefunga gango za fito au mianzi kuzunguka mfupa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika maandiko yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, aliandika juu ya maradhi na waganga wa pwani kama mambo ya kawaida ya maisha, wala hakuyaona kuwa maajabu.

Ujuzi mpana kuliko wote ulikuwa wa wanawake, na haukuitwa uganga. Mtoto mchanga alinyooshwa viungo baada ya kuogeshwa: mikono ikapishanishwa kifuani, miguu ikavutwa, mgongo ukapitishwa kiganja chenye mafuta. Mama yake alikandwa maji ya moto kwa siku zipatazo arobaini na kufungwa mkaja, nguo inayozungushwa tumboni na kukazwa ili tumbo lirudi na kiuno kipate nguvu. Mkaja ulikuwa na uzito kiasi kwamba jina lake likaingia katika mahari, zawadi apewayo mama wa bibi harusi kwa kumbukumbu ya kiuno kilichomzaa. Mtaalamu wa leo anayemfunga mgonjwa mkanda wa mgongo anafanya kazi ambayo bibi wa Mtoni au Mwananyamala angeielewa bila mkalimani, ingawa wangebishana juu ya siku za kuuvaa.

Mkao wenyewe, ukiacha maumivu, ulikuwa na walimu wake. Miongoni mwa Wazaramo, wenyeji wa eneo linalozunguka mji, mwali aliwekwa ndani kwa muda mrefu akifundwa, na Marja-Liisa Swantz, aliyefanya utafiti Bunju katika miaka ya 1960, ameeleza kwa kirefu mila hizo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Namna ya kukaa mkekani, ya kupiga goti mbele ya wakubwa na ya kutembea ilikuwa sehemu ya kumtoa msichana utotoni. Ndoo ya maji iliongeza somo lake: kichwa kilichobeba lita ishirini juu ya ngata hakiwezi kuinama, na shingo hujifunza kutulia ipende isipende. Upande wa wanaume kulikuwa na gwaride. Katika kambi ya Colito, iliyobadilishwa jina kuwa Lugalo baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, na katika kambi ya Mgulani ya Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963, vijana waliamrishwa kifua mbele, tumbo ndani. Mwanajeshi mstaafu bado hujulikana mtaani kwa mabega yake.

Kulikuwa na migongo ambayo si mchuaji wala sajini angeweza kuinyoosha. Daktari Mwingereza Percivall Pott alieleza mwaka 1779 aina ya kigongo ambayo baadaye ilijulikana kuwa ni kifua kikuu kilichoingia katika pingili za uti wa mgongo, kikazila hadi mgongo ukakunjika mbele. Katika mitaa yenye vyumba vilivyobanana maradhi hayo yalipata nafasi, na kumchua mgonjwa wa namna hiyo kwa nguvu kulikuwa kumwongezea balaa. Nafuu yake ilikuja kwa vidonge. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na njia uliyoijenga ukishirikiana na daktari Karel Styblo, ya matibabu mafupi yanayosimamiwa kwa karibu, ikawa mfano kwa dunia nzima. Polio nayo ilipooza misuli ya upande mmoja ikaacha upande wa pili ukiuvuta mgongo kama kamba ya upinde. Huko Mgulani, jirani na kambi ya vijana waliofundishwa kusimama wima, Jeshi la Wokovu limeendesha tangu mwaka 1967 shule ya Matumaini kwa watoto wenye ulemavu wa viungo, ambao wengi katika miaka ya mwanzo walikuwa wa polio, wakitembea kwa magongo na vyuma vya miguu. Chanjo iliwapunguza mwaka hadi mwaka. Tanzania ilithibitishwa kuwa haina polio mwaka 2015.

Elimu ya Ulaya ya kunyoosha viungo ilikuwa na umri wa zaidi ya karne moja na nusu ilipofika Dar es Salaam. Nicolas Andry wa Ufaransa ndiye aliyetunga jina la tiba ya mifupa mwaka 1741, katika kitabu juu ya kuzuia na kurekebisha miili ya watoto iliyopinda, na mchoro wake wa mti uliopinda ukiwa umefungwa kwenye mhimili umebaki kuwa nembo ya kazi hiyo. Per Henrik Ling alifungua chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka 1813. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa London waliunda chama cha wachuaji waliofunzwa, wakitaka kuitenga kazi yao na nyumba zenye sifa mbaya zilizojificha nyuma ya jina la kuchua. Chama hicho ndicho mzazi wa fiziotherapia ya Uingereza, iliyoletwa baadaye Tanganyika. Kwa hiyo fani hii nayo ilizaliwa kutoka mikononi mwa wachuaji, jambo ambalo huwa halitajwi pale wataalamu wanapowasema wachuaji wa mtaani.

Hospitali za mji ziligawanywa kwa rangi. Ile ya barabara ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji Paroo. Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya yenye jina la binti mfalme Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili, na kwa miaka mingi iliyofuata tiba ya mifupa na mazoezi ya viungo katika mji mzima ilimaanisha Muhimbili. Madaktari wa Kitanzania wa fani hiyo walianza kupatikana. Anayejulikana zaidi miongoni mwao ni Profesa Philemon Sarungi, aliyesomea Hungaria na baadaye kuwa waziri. Wataalamu wa mazoezi walianza kufundishwa Moshi katika miaka ya 1970, kwenye hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, na hapohapo Moshi mwaka 1981 kikaanzishwa kwa msaada wa Ujerumani Magharibi chuo cha TATCOT, kinachofundisha kutengeneza viungo bandia, mikanda ya mgongo na vifaa vya kushikilia mifupa kwa wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika.

Ugumu wa tiba ya mkao hauko katika kisu wala dawa. Mgonjwa wa henia hufanyiwa upasuaji akarudi kwake. Mgonjwa wa mgongo huambiwa arudi Jumatatu, na Alhamisi, na wiki ijayo tena, kwa miezi. Mtaani tiba hii haikupata jina lingine ila "mazoezi": fulani anakwenda mazoezi Muhimbili. Kwa mtu wa Mbagala au Manzese kila zoezi lilikuwa na nauli ya kwenda, nauli ya kurudi na siku isiyo na kipato, na kama ni mtoto aliyepooza, basi ni siku ya mama pia. Kwa hiyo aliyeanza mara nyingi hakumaliza. Mchuaji wa mtaa wa pili hakushinda kwa ujuzi. Alishinda kwa sababu alifikika kwa miguu, saa za jioni, na malipo yake yaliweza kungoja mwisho wa mwezi.

Mji nao ulikuwa ukirefuka. Mradi wa viwanja uliogharimiwa na Benki ya Dunia katika miaka ya 1970 ulifungua Sinza, Kijitonyama na Mikocheni upande wa Kinondoni, na Mbagala upande wa Temeke. Mabasi ya UDA, shirika lililoundwa mwaka 1974, hayakutosha, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, yale yaliyopata jina la daladala. Hapa tiba na maradhi vilipanda chombo kimoja. Daladala zilizotamba katika miaka ya 1990 zilikuwa Hiace, vipanya kwa lugha ya vituoni, zenye dari ya chini kuliko bega la mtu mrefu. Abiria waliokosa viti walisimama wakiwa wamejikunja, kichwa kimelazwa upande, mkono mmoja umeshika bomba, kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi mjini, huku konda akiwahimiza wasogee nyuma. Mgonjwa wa kiuno aliyekwenda mazoezi kwa kipanya alirudi nyumbani akiwa ameshautumia mgongo alionyooshwa.

Kliniki za karibu hazikuweza kuchipuka kwa sababu nyingine pia. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia hospitali za watu binafsi zinazofanya kazi kwa faida, na kizuizi hicho hakikuondolewa hadi mwaka 1991. Ndani ya miaka michache mambo matatu yalitokea karibu pamoja. Mradi wa afya wa jiji ulioanza mwaka 1990 kwa msaada wa Uswisi ulikarabati zahanati na hospitali za wilaya, ili mgonjwa wa kawaida atibiwe Temeke, Mwananyamala au Amana badala ya kusongamana Muhimbili. Hospitali hizo tatu baadaye zilipandishwa kuwa za rufaa za mkoa. Mwaka 1994 lilianzishwa shirika la CCBRT, ambalo hospitali yake iko Msasani, wilayani Kinondoni. Na mwaka 1996 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, yenye mamlaka yake yenyewe, inayopasua mifupa, mishipa ya fahamu na uti wa mgongo.

Kati ya hayo, CCBRT ndiyo iliyobadilisha mwelekeo wa safari. Jina lake refu linataja utengamao ndani ya jamii, na maana yake ilikuwa kwamba mfanyakazi wa afya humfuata mtoto nyumbani, akamwonyesha mama jinsi ya kumkalisha, kumlaza na kumnyoosha, kwa vitu vilivyomo chumbani. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kushikilia shingo yake huhitaji kiti kilichokatwa kwa kipimo chake, na kiti hicho kina faida kuliko mazoezi ya nusu saa kwa wiki. Hospitali hiyo pia ilijulikana kwa kunyoosha nyayo zilizopinda za watoto wachanga kwa njia ya Ignacio Ponseti, daktari Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Mguu hufungwa plasta, ikafunguliwa baada ya wiki moja, ukasogezwa kidogo, ukafungwa tena, mara tano au sita au zaidi, na baadaye mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma wakati wa kulala. Hata hapa kurudi ndiko kunakoponya.

Soko nalo lilijaa. Baada ya mwaka 1991 kliniki za fiziotherapia zilijitokeza Sinza, Mwenge, Kinondoni na kwingineko penye wapangaji wenye mishahara. Tiba ya Kichina ilikuwa na mizizi ya zamani zaidi, kwa kuwa madaktari kutoka China walianza kuja Tanzania bara mwaka 1968, lakini kliniki binafsi za Wachina zenye dawa za mitishamba, sindano na vikombe vya kuumika ziliongezeka katika miaka ya 1990. Wazee wa pwani walivitazama vikombe hivyo wakaona ni chuku ile ile, imevaa kioo. Sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala la kusajili watoa huduma wa pande hizo. Saluni za kiume hazikuingia katika hesabu hiyo, ingawa huko ndiko vijana wengi hushikwa shingo: baada ya kunyolewa na kupakwa spiriti, mteja huchuliwa mabega, kisha kichwa chake huzungushwa ghafla upande huu na ule hadi shingo ialike. Mlio huo hupendwa. Ndani ya pingili za shingo, hata hivyo, hupita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na kinyozi hana njia ya kujua ni mteja yupi asiyestahili kuzungushwa.

Nani alipe ni swali lililojibiwa nusu nusu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali umeyahesabu mazoezi tiba kuwa huduma, na hivyo mwalimu wa shule ya msingi Mbagala anaweza kupelekwa kwa mtaalamu mahali ambapo mama lishe anayeuza nje ya shule hiyo hulipa kutoka mfukoni. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015 kwa sheria ya mwaka 2008, unawafikia waajiriwa wa viwanda vya Chang'ombe na Barabara ya Nyerere. Mbeba zege wa kibarua cha siku na mpakiaji mizigo wa soko la Tandika hawana mwajiri wa kuwachangia. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023.

Mafundisho ya wataalamu wenyewe yamegeuka. Kwa muda mrefu mgonjwa wa kiuno aliamriwa alale, ikibidi juu ya ubao, na aliyeketi vibaya alikemewa aketi wima. Uchambuzi wa dunia nzima uliotolewa na jarida la Lancet mwaka 2018 juu ya maumivu ya kiuno ulisisitiza kinyume chake: mtu aendelee kutembea na kufanya kazi kadiri anavyoweza, apunguziwe picha, sindano na upasuaji usio wa lazima. Mkao mmoja sahihi kwa kila mtu haujapatikana; kinachoumiza zaidi ni kubaki katika mkao mmoja saa nyingi. Kwa hiyo mtaalamu wa siku hizi huanza kwa kuuliza kabla ya kugusa. Mgonjwa hulalia nini, huinua nini, huketi juu ya nini. Fundi cherehani huonyeshwa kwamba kigoda chake ni kifupi kuliko meza ya cherehani, dereva wa bodaboda kwamba usukani unamvuta mbele, mwanafunzi kwamba simu iinuliwe badala ya shingo kuinamishwa. Mfuaji nguo huambiwa ainue beseni juu ya kibao na abadilishe mguu.

Baada ya hapo hupewa mazoezi ya kufanyia nyumbani. Huyafanya sakafuni, juu ya mkeka, mara mbili kwa siku, na hospitalini hurudi mara moja kwa mwezi, ili mtaalamu aone kama mgongo umefuata.